Mea katika Bustani ya Machungwa

Nencia, dobi mjane wa Firenze, hakuwa na habari na miungu ya kale mpaka mchoraji Baccio alipomwomba bintiye Mea asimame mbele yake achorwe katika picha ya majira ya kuchipua. Ilikuwa picha ya harusi, ya kutundikwa chumbani kwa bibi arusi wa tajiri mmoja.

"Nami nitakuwa nani?" Mea akauliza.

"Mungu wa kike wa maua. Zamani alikuwa msichana tu wa mashambani. Upepo wa magharibi ukamkimbiza, ukamkamata, ukamwoa, ukampa bustani isiyokauka."

Nencia akaguna. "Akimbizwe, akamatwe, ndipo apewe bustani! Posa gani hiyo, fundi?"

"Mama, hebu nyamaza, utanichekesha!" Na kweli akacheka, hata taji la maua likamdondoka.

Alisimama Kwaresima nzima. Agosti homa ikamchukua, hajatimiza miaka kumi na minane. Picha ilipokwisha ikapelekwa kwa tajiri, na Nencia hakubakiwa na sura ya mwanawe popote isipokuwa humo.

Basi akaomba kazi ya kufua katika nyumba ile. Mwaka mzima aliishia uani, akikamua mashuka huku macho yakiwa madirishani juu. Jumatatu ya Pasaka, mtumishi wa chumbani akashikwa na mgongo, akamwambia, "Leo yapandishe mwenyewe, dada, mimi siwezi."

Mlangoni pa chumba akaiinulia picha macho. Michungwa ilikuwa imezaa, Upepo umevimbisha mashavu, na mungu wa maua anamwaga mawaridi. Lakini uso haukuwa wa Mea. Baccio alikuwa ameufuta, akaweka wa bibi arusi.

Nencia akateremsha macho polepole, akalifuata rinda mpaka majanini. Hapo akaona kidole kidogo cha mguu kimekipanda chenzake, kama cha Mea, alivyorithi kwa marehemu baba yake. Akapiga magoti.

Bibi arusi akamkuta papo hapo. "Umeangusha nini, mama?"

"Sijaangusha kitu, bibi. Uso huu ni wako. Miguu ni ya mwanangu."

Yule bibi kijana akaitazama picha yake kwa muda mrefu, rangi ikimpanda mashavuni. Kisha akasema, "Mashuka ya humu uwe unayaleta wewe."

Akayaleta kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa. Na kila alipoufungua mlango alitazama uso wa bibi kwanza, ndipo akashusha macho kwenye miguu ya mwanawe.