Siku Tata Enterimeri Alipopewa Timu ya Taifa

Wiki hii nimerudi Kolwezi, na kila niliyekaa naye swali lake ni moja: nani atapewa timu ya taifa? Kwa fundi cherehani, kwenye foleni ya mkate, hata mlangoni pa kanisa. Huyu anataka Mzungu, yule anamtaka mchezaji wa zamani. Mimi nilicheka peke yangu, maana nilipokuwa na miaka minane niliwahi kumjua kocha mpya kabla ya nchi nzima. Ngoja nikusimulie.

Darasani kwetu aliletwa mwalimu mgeni, mwembamba, mwenye shati moja la buluu lililopigwa pasi kama la harusi. Mkuu wa shule alimsimamisha mbele yetu akasema mengi kwa Kifaransa, nasi tukashika neno moja tu: intérimaire. Tukadhani ndilo jina lake. Tangu siku hiyo mtaa mzima wa wachimbaji ulimwita Tata Enterimeri, yaani Baba Enterimeri, naye akaitika. Hakutusahihisha hata siku moja, na mpaka leo najiuliza kwa nini.

King'ora cha mgodi kikilia alasiri, alitufundisha mpira, wasichana kwa wavulana, kwenye kiwanja cha vumbi jekundu kilichotuchubua magoti. Kisha alipita kwa bibi yangu kunywa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na kazi ya kukichuja ilikuwa yangu. Kila mara alisema lile lile: anangoja barua. Ikifika, atawaleta mke na watoto wake kutoka Mutshatsha, na hatahama tena. Barua ya nini, hatukuuliza. Hayo yalikuwa mambo ya wakubwa.

Mwaka huo timu ya taifa ilibaki bila kocha, na ubishi ulikuwa mkali kuliko huu wa leo. Jirani yetu, karani wa mgodi, aliweka redio yake dirishani ili kila mtu asikie. Jumapili moja tumetoka misa, bibi anasonga bukari, ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo inachemka, redio ikaanza kumwaga Kifaransa chake. Sisi watoto tulidaka vitu viwili: timu ya taifa, halafu Enterimeri.

Nakwambia, hatukungoja bukari. Kumbe barua yenyewe ndiyo hii! Tulitoka mbio, bibi akabeba ndoo ya munkoyo akatufuata kwa vigelegele, na kila nyumba tuliyopita watu wakajiunga.

Mwalimu alitoka na povu la sabuni mikononi, alikuwa anafua lile shati. Uso wote ulikuwa unacheka.

"Barua ilifika?"

"Ilifika, Tata! Banakupatia ekipe nasionali! Redio njo inasema!"

Alituomba turudie maneno ya redio. Tukarudia. Akakaa kizingitini.

"Batoto, ile haiko jina," akasema polepole. "Intérimaire ni mutu mwenye kukalia kiti ya mwenzake, mupaka mwenyewe akuye."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Mimi nilikuwa na udadisi wa kuudhi, bado ninao, na swali likanitoka kabla bibi hajaniziba mdomo:

"Sasa Tata, mwenyewe wa kiti yako atakuya siku gani?"

Alipokea kikombe cha munkoyo kwa mikono miwili, akakinywa chote bila kupumzika. Nilipofika nyumbani nililia, na sikujua hasa nalilia nini.

Mwenyewe wa kile kiti alikuja kabla muhula haujaisha, kijana mpole, barua mkononi. Mwalimu wetu alimwonyesha chaki zinapokaa, akamwambia ni mtoto gani hasikii vizuri, kisha akapanda treni ya Mutshatsha.

Kiwanja kile sasa ni shimo la mgodi. Mtaa umehamishwa, bibi amefariki, na munkoyo wanauza kwenye chupa za plastiki. Madaftari ya shule yaliokolewa, yamerundikwa parokiani. Juzi niliomba ruhusa nikalifunua la mwaka wetu, nijue tu yule mtu aliitwa nani, angalau nimwombee kwa jina lake. Niliwakuta watoto wote wa darasa letu, jina la kila mmoja na la baba yake. Juu kabisa, kwenye mstari wa mwalimu, mkuu wa shule ameandika kwa mwandiko mzuri: Intérimaire.