Mluzi wa Fundi Gervasi

Fundi Gervasi wa Katonga, kando ya ziwa, hakuwa na kifaa cha kupimia injini za boti, wala hakukitaka. Alikuwa na bisibisi. Ncha anaigusisha kwenye injini inayounguruma, mpini anaukandamiza sikioni, kisha anafumba macho. Akisema nzima, boti inaondoka. Akisema inagonga, hata uape, haondoki mtu. Miaka ishirini na sita hakukosea, na majivuno alikuwa nayo, tusifichane.

Basi mwaka huu mluzi ukamwingia sikio la kulia, mwembamba, haukomi hata akila. Ukahamia na la kushoto. Mkewe Yunisi akamdondoshea mawese ya uvuguvugu wiki nzima. Gervasi akajipa moyo: ni nta tu, italainika. Wapi! Sasa bisibisi haikumwambia lolote ila mluzi ule ule. Aliogopa, asimwambie hata Yunisi. Nani angempelekea injini fundi kiziwi?

Akaenda hospitali kimyakimya. Daktari, binti mpole, akamuuliza kama alimeza kwinini au dawa kali za maumivu. Hapana. Akampima presha, haina neno. Akamulika masikio, na Gervasi akawa anaomba moyoni: Mungu wangu, uwe uchafu, uchafu tu.

"Masikio yako ni safi, mzee," binti akasema. "Hakuna nta, hakuna usaha. Kelele za injini zimekula ndani, na kilichokufa humo hatuwezi kukifufua. Kaa mbali nazo, usije ukapoteza na kilichobaki."

"Nikae mbali, nile nini?"

Binti akainama, akaandika.

Aliporudi Katonga, nahodha Bonaventura alikuwa anamsubiri na boti ya kwenda Mwamgongo. Abiria wameshakaa, Yunisi akiwemo, anakwenda kumsalimia mama yake.

"Fundi, jana tuliifungua injini. Hebu sikiliza kama bado inagonga."

Gervasi akaweka bisibisi, akafumba macho. Mluzi. Akautafuta mlio wa kugonga chini ya mluzi ule, asiupate. Alipofumbua macho, wote walikuwa wanamtazama, na Yunisi hana wasiwasi hata chembe, fundi si mumewe?

"Nzima," akasema.

Boti ikaondoka. Yunisi akamwambia kitu, yeye akaitikia kwa kichwa tu. Kisha akaingia ziwani mpaka magotini, akaikodolea macho boti isije ikasimama, maana kuisikia ikizima asingeweza.