Sangara Aliyevaa Tai

Kutoka Newala hadi Mwanza nilitumia siku tisa. Lori la korosho hadi Mtwara, meli hadi Dar es Salaam, siku tatu za kugombea tiketi, kisha garimoshi la reli ya kati, daraja la tatu. Kiti changu nilimwachia mama mmoja mwenye mapacha, mimi nikakalia debe langu la rangi. Tabora mabehewa yalikatwa, mengine yaende Kigoma, mengine Mwanza. Nilikuwa nimeshuka kununua mayai ya kuchemsha, nikarudi nikapanda behewa la Kigoma. Mama wa mapacha ndiye aliyenipigia kelele dirishani: "Wewe wa debe! Debe lako linakwenda Mwanza, wewe unakwenda wapi?"

Nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne, brashi sita na miguu isiyotulia. Siku hizo kila kitu kilikuwa ruksa. Habari zilikuwa zimefika hadi kwetu kusini kwamba Mwanza kuna sangara, samaki anayepelekwa Ulaya kwa ndege, na kwamba kila mtu anafungua duka. Duka linahitaji bango, na mabango nilijua kuyaandika.

Alfajiri ya mwisho nilichungulia dirishani nikaona mawe makubwa yamebebana juu ya vilima. Mwanga ulipoongezeka nikaona na nyumba, zimeng'ang'ania katikati ya mawe kama mbuzi. Nikacheka peke yangu. Mji gani huu unaojengwa pasipojengeka?

Nilipata kibaraza cha kufanyia kazi Mirongo, na chumba nikaenda kukitafuta Ilemela, mlimani. Mwenye nyumba alikuwa fundi mwashi, mtu wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya kupasulia mawe. Nilimkuta amewasha moto juu ya jiwe, akingoja lipate joto alimwagie maji lipasuke.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Chumba kipo. Kabila gani?"

"Mmakonde."

Aliweka ndoo chini, akamwita mkewe. "Mama! Mama, njoo uone! Mungu ametuletea mchongaji!"

Sijawahi kuchonga hata mwiko. Lakini jua lilikuwa kali, chumba kilikuwa kizuri, na yeye alikuwa amefurahi sana. Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza katika mji ule.

Furaha yake ilikuwa na sababu. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe, wachezaji wakiyarusha na kuyadaka kwa mdundo. Kila mwaka baada ya mavuno walishindana na kikundi cha ng'ambo ya kilima chetu. Miaka miwili mfululizo walikuwa wameshindwa, kwa sababu wenzao walikuwa na chatu. Chatu mzima, wanamvaa shingoni. Vijana wake walikuwa wameanza kunong'ona.

"Tukishindwa mara ya tatu," aliniambia jioni ile ile, tukila ugali na sato, "wanahamia kule. Wote. Nitabaki na ngoma na mke wangu, na mke wangu hachezi."

"Nani kasema sichezi?" mama akajibu kutoka jikoni. "Sichezi kwa wanaoshindwa."

Alitaka sanamu. Sanamu kubwa ya kuchonga, ya kuwashangaza watu kuliko nyoka.

Miezi ile ya kwanza niliifurahia kama mtu aliyekula kiapo cha kutofikiri. Kwetu Newala maji tulinunua kwa ndoo na kuyalinda kama dhahabu. Huku Jumapili tulishuka ziwani na vijana wa kikundi, tukapanda jiwe lililoinamia maji, na mtu akaruka tu, mwili mzima, kwenye maji ambayo hayakuwa ya mtu. Mara ya kwanza nilisimama juu ya jiwe hadi vijana wakachoka kuimba. "Mmakonde, jiwe hilo halizai! Shuka!" Mzee mwenye nyumba akapanda kimya kimya nyuma yangu, akanisukuma. Niliibuka nikikohoa na kucheka, nikataka tena. Baadaye tulilala juu ya mawe yenye moto, kifua kikikauka juu na mgongo ukikauka chini, tukatafuna michembe, vile vipande vya viazi vikavu, tukiangalia mitumbwi. Siku za kazi niliandika mabango: saluni, duka la dawa, fundi redio, mabasi mapya ya watu binafsi. Mji mzima ulikuwa unajitangaza, na mkono uliokuwa ukiutangaza ulikuwa wangu.

Kisha siku moja nikakuta gogo la mninga mlangoni kwangu, na tezo juu yake.

Nilichonga siku tatu. Siku ya nne mama alipita, akasimama, akainamisha kichwa.

"Mwanangu, huo ni mchi?"

Mzee akaja naye. Akalizunguka gogo. Sikuweza tena kujificha.

"Mzee, nisamehe. Mimi sijui kuchonga. Mimi ni wa rangi tu."

Alikaa kwenye gogo. Nilidhani atanifukuza. Bega lake moja likaanza kutikisika, halafu la pili.

"Miezi minne," alisema akifuta machozi ya kicheko, "miezi minne huyu anakula ugali wa mchongaji!"

Kicheko kilipokwisha, uso wake ukarudi chini. Zilibaki wiki tatu kabla ya mashindano. Ndipo nikasema kile nilichokuwa nikikiona kila siku Mirongo: wanawake wakipita na mabeseni ya mapanki, yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, baada ya viwanda kuchukua minofu yote. "Watu wanapenda kumwogopa chatu," nikasema. "Lakini je, wakipata cha kucheka?"

Tulimtengeneza sangara kwa fito, nyaya, maboksi na viroba vya unga. Alikuwa na urefu wa watu wawili waliolala. Nilimpaka rangi ya fedha kwa siku tano, nikampa miwani, shati jeupe na tai nyekundu, na tumboni nikaacha nafasi ya mtu mmoja kumbeba. Mzee alimtazama, akasema neno moja: "Bosi." Jina likabaki hilo.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa hadi juu ya mawe. Vikundi vilikaa pande mbili, na kando ilikuwapo meza yenye kitambaa, mgeni rasmi na soda. Shuleni kwetu mashindano yalikuwa na majaji, na majaji walikaa mezani. Basi niliingia ndani ya samaki, nikamwelekeza Bosi kwa mgeni rasmi, nikacheza kwa moyo wangu wote. Mzee alikuwa amezama kwenye ngoma yake. Kupitia tundu la mdomo nilimwona mgeni rasmi akitabasamu. Tumeshinda, nikawaza.

Nikasikia kofi la nguvu kwenye mkia.

"We Mmakonde!" Ilikuwa sauti ya mama. "Unamchezea nani, meza?"

"Majaji, mama!"

"Majaji gani? Watu ndio majaji! Wewe umewapa makalio ya samaki, wote wanakwenda kwa chatu!"

Hakuna aliyekuwa amefikiria kuniambia, kwa sababu pale hata mtoto wa kunyonya alijua. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, watu wanakwenda wanakopenda, na jua likielekea kuzama wazee wanapuliza filimbi. Kila mtu anasimama alipo. Mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Niligeuka. Uwanja mbele yetu ulikuwa umeanza kuonyesha vumbi tupu. Nikakimbia, tai ikipepea, nikaingia katikati ya watu, nikafungua mdomo wa Bosi na kudondosha panki halisi tulilokuwa tumelificha tumboni kwa ajili ya mwisho.

"Minofu nimekula mimi!" nikapaza sauti. "Yenu hiyo!"

Kisha mchuuzi mmoja wa Mkuyuni akaweka beseni lake chini, akashika kiuno.

"Bosi, panki lenyewe halina hata kichwa! Kichwa umempelekea nani?"

"Kimepanda ndege, mama!"

"Na wewe mwenyewe utapanda lini?"

"Nangoja tai ikauke rangi!"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Yule mama alinifukuza kwa kandambili, mimi nikikimbia na samaki wangu, vijana wa majembe wakatufuata wakirusha majembe juu na kuyadaka, na watu wakaanza kurudi, kwanza watoto, halafu mama zao, halafu nikamwona mzee mmoja mwenye fimbo akimwacha chatu bila hata kugeuka nyuma. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa akicheza. Kumbe alijua sana.

Filimbi ilipolia, katikati ya uwanja walibaki watu wengi waliokuwa njiani, si huku wala kule. Wapinzani wakaanza kelele kwamba hao wamesimama upande wao. Mzee akaweka ngoma chini, akaenda kwa wazee.

"Msihesabu miguu," alisema. "Hesabuni nyuso. Mtu ni wa kule anakotazama."

Wakahesabu nyuso. Usiniulize walikuwa wangapi. Wachezaji walimbeba mzee begani hadi nyumbani, mlima wote ule, na hakuna aliyehama.

Nilikaa Mwanza miaka sita. Kila mavuno nilimtengenezea mzee kituko kipya, tukashinda, tukashindwa, kikundi kikabaki kimoja. Mwaka wa sita alinionyesha kipande cha ardhi karibu na nyumba yake, kati ya mawe mawili. "Jenga hapa. Mawe nitakupasulia mwenyewe." Nilishukuru, na nilimaanisha. Lakini nilikuwa nimeanza kuyaandika majina ya miji kwenye mabasi polepole mno: Arusha, Singida, Bukoba. Mkono ulikuwa ukikawia kwenye kila herufi. Mama aliona kabla yangu. "Huyu anakwenda," alisema, akanifungia michembe.

Walinisindikiza stesheni na ngoma. Walicheza bugobogobo pale pale jukwaani, na abiria wakaacha mizigo yao na kuwazunguka. Garimoshi lilipopiga honi, kila mtu akarudi mbio. Mzee alibaki na ngoma shingoni, mkewe ubavuni.

Kiti changu kilitazama mbele. Nikamwomba abiria wa mkabala tubadilishane, akakubali. Tulipoanza kwenda nilikuwa nimewatazama wao, mawe yakiwa nyuma yao. Mzee aliniona. Akaninyooshea mkono kama anayehesabu watu uwanjani, kisha akainua kidole kimoja juu.