Kamba Sita za Mzee

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya dawa hospitalini hapa Eldoret, nikamsikia daktari Mzungu akimfokea mama mhudumu. Mama huyo huwapa wagonjwa kazi ya kusokota kamba za mkonge ili mikono iliyoumia ipate nguvu tena.

"Hapana taka maneno," alisema daktari. "Leta ushahidi kama hii kazi nasaidia."

Mama akainama chini ya meza, akatoa kamba sita, moja ya kila wiki, zote za mzee mmoja aliyeketi hapo, aliyepondwa mkono na mashine ya kupasua mbao. Ya kwanza ilikuwa imelegea, inafumuka yenyewe. Ya sita daktari aliivuta mpaka masikio yakawa mekundu.

"Vuta tu, Bwana," mzee akasema. "Haikatiki."

Daktari akacheka. "Hii mzuri sana. Ile mbaya tupa."

Mzee akainyakua ile ya kwanza upesi kwa mkono uleule uliopondwa, aitupe, maana ilimwaibisha. Mama akamnyang'anya. "Nikitupa hii, Bwana, hiyo nzuri itakuwa kamba tu."

Nilirudi ofisini nikasoma ripoti zangu za mwaka mzima. Zote ni kamba ya sita; ya kwanza haimo.