Maji Yakifika Ishirini

Mume wangu huvua samaki ili awaachilie. Nalisema hili mapema kwa sababu hata mimi lilinichukua miaka kulizoea. Mama mkwe wangu alipoelezwa kwa simu kwamba mwanawe huamka alfajiri, huendesha gari kuvuka milima, humnasa trauti mmoja mnono, humsifu, kisha humrudisha mtoni, aliuliza kama huku Sydney tuna mchungaji wa kutuombea.

Mwaka huu sikutaka aende. Mwezi wa Agosti alipasuliwa kifua, na moyo wake ukafanyiwa kazi ambayo mimi, muuguzi wa wazee, naijua hatua kwa hatua, na ndiyo maana sikupata usingizi. Msimu wa trauti ulipofunguliwa Oktoba, alikuwa bado anapanda ngazi za stesheni ya Quakers Hill akipumzika katikati. Novemba akaanza kukaa kwenye meza ya jikoni akitengeneza wadudu bandia: kipande cha sponji nyeusi, uzi, manyoya kidogo, ndoana katikati. Mende wa miti, aliniambia. Kiangazi kikianza, mende huanguka mtoni kutoka kwenye mikalitusi, na trauti huwangoja chini ya matawi kama wageni wa harusi wanaongoja pilau. Nilifagia manyoya yale kila jioni nikimwomba Mungu mvua inyeshe, mto ufurike, asiende.

Mvua haikunyesha. Kila asubuhi simu yake ilimpa habari kwamba mto umeshuka na maji yametakata. Daktari naye, badala ya kunisaidia, alisema kutembea kutamfaa.

"Kutembea, Daktari, si kuingia mtoni," nilimwambia.

Alicheka. Sikuwa natania.

Siku yenyewe binti yetu alitusindikiza hadi kwenye gari akiwa na nguo za kulala. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba baba yake hajapona sawasawa, amkataze, labda yeye atasikilizwa.

"Mum, just let him go," alinijibu kwa Kiingereza, nimwache tu aende. "Look at him. He's fine."

Nikapanda gari. Kama lazima aende, basi haendi peke yake.

Tulipokuwa tunateremka upande wa pili wa milima, alianza kunifundisha. Mwanamume huyu hawezi kuendesha gari bila kufundisha mtu.

"Sasa shida ni joto," alisema. "December ikianza hivi, asubuhi maji ni poa. Lakini jua likipanda, linayapika. Yakifika ishirini unafunga kazi. Hiyo ndiyo rule."

"Kwa nini ufunge? Si unawaachilia?"

"Ndiyo sababu. Maji ya moto hayana hewa. Ukimpiganisha samaki kwa maji ya moto, halafu umwachilie, ataenda tu vizuri. Unamwona anapiga mkia, unasema, huyu yuko sawa. Kumbe moyo umechoka. Anapita corner, anafia huko, na wewe hujui."

Alisema hivyo huku akitafuta stesheni nyingine ya redio. Hakuyasikia maneno yake mwenyewe. Mimi niliyasikia. Tangu Agosti kila mtu ananiambia yuko sawa: daktari, binti yetu, akina mama wa kanisani walioleta chapati. Na mimi kazini nimeshawaona walio sawa. Nimemlisha mzee uji asubuhi, akanitania kuhusu viatu vyangu, na kabla ya chai ya saa nne nikawa namfumba macho.

Mto wake uko nyuma ya Oberon, mahali ambapo simu hukosa mtandao kabla hujafika. Si mto mkubwa. Kwao, chini ya Nyandarua, wangeuita kijito, na nadhani ndiyo maana anaupenda. Nyasi zilikuwa zimefika magotini na nyenje walikuwa wanapiga kelele kwenye kila mti. Maji yalikuwa machache na maangavu hata nikahesabu kokoto za chini. Alitangulia akikanyaga kwa vishindo ili nyoka watupishe. Mimi nilifuata na kikapu cha chai, nikisikiliza pumzi zake kuliko nilivyosikiliza nyoka.

Ukingoni alitumbukiza kipimajoto, akakitazama. "Kumi na tano. Poa kabisa." Kisha akavua pete ya ndoa, akaninyoshea.

Hiyo ni desturi yetu ya zamani. Maji baridi hufinya vidole, na mwaka mmoja pete ilimchomoka, tukaitafuta kwenye kokoto tukiwa tumeinama kama wapanda mpunga mpaka tukaipata. Tangu siku hiyo hunipa niitunze. Lakini mara ya mwisho pete hii kufika mkononi mwangu ilikuwa Agosti, ndani ya mfuko wa plastiki, mlango wa chumba cha upasuaji ukiwa unafungwa. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka nilipouona mkono wake umenyoshwa. Niliipokea. Nikaivaa kwenye kidole gumba, nikaikunjia ngumi.

"Niachie basi kipimajoto nikupimie."

"Hiki naenda nacho, Sista." Ananiita Sista kila ninapomwamrisha, tangu atoke hospitali. "Nitakuwa hapo tu kwa corner."

Nilimvisha firimbi shingoni, apulize akizidiwa. Akainua kofia, akaenda, akaipita kona.

Nani aliniambia niwape ndege wa nchi hii sikio? Wanapiga mluzi kama watu. Kila mara mmoja alipolia nilisimama, na kila mara nilikaa tena nikijiona mjinga. Nilimimina chai nisiyoinywa. Nilijaribu kusali, nikajikuta nagombana: Bwana, huyu si samaki, usinirudishie halafu umchukue kule nisikoona. Maji yalikuja kutoka upande wake bila kuleta chochote, hata jani. Nikafikiri, akianguka, kofia itafika kwanza. Basi nikawa nangojea kofia. Mwishowe nilisema liwalo na liwe, nikavua viatu nimfuate.

Ndipo akatokea, akitembea polepole juu ya majani.

"Nimefunga," alisema.

"Mapema hivi?"

"Maji yamepata moto. Imepita ishirini."

Hakuniangalia. Nilitazama mto: kivuli cha miti kilikuwa bado kimeufunika wote. Suruali yake ya mpira, ya kuingilia mtoni, ilikuwa imelowa vifundoni tu. Mende wa sponji alikuwa bado amening'inia mwisho wa uzi, mkavu, manyoya yamesimama vilevile kama alivyotoka mezani kwangu. Huyu hakuwa amevua. Alikuwa amekaa kwenye jiwe nyuma ya kona, muda wote ule, peke yake na hofu yake, kama mimi nilivyokaa na yangu.

Nilichukua vikombe nikaenda kuvisuuza. Maji yaliniuma mpaka kwenye mfupa. Nikabaki nimechuchumaa, mikono ndani, nikimsikia nyuma yangu akihangaika kuifungua fimbo ya kuvulia kipande kwa kipande.

"Si ni ya moto?" aliuliza.

"Ya moto sana," nilijibu. "Wangeumia."

"Wangeumia," aliitikia.

Niliporudi alininyoshea mkono apewe pete yake. Nikamvisha mwenyewe. Vidole vyangu vilikuwa baridi kama barafu, na yeye alivishika vyote kwa pamoja, akaviangalia, akavishika muda mrefu akivipasha joto.