Vumbi la Mwembe Ulioota Ukungu

Naikumbuka asubuhi moja Ukunda, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Wewe ulikuwapo, ila huwezi kuikumbuka. Ulikuwa mgongoni mwangu, ndani ya leso, hujaanza hata kutambaa.

Baba yako alikuwa akichonga bakuli za mwembe kwa maduka ya watalii Diani. Si mwembe hivi hivi. Aliyalaza magogo mabichi kivulini, akayafunika kwa magunia yaliyoloweshwa, akayaacha miezi mpaka ukungu uingie ndani na kuzichora mbao mistari myeusi. Akiyafunua mapema, mbao ni nyeupe tupu. Akichelewa, zinamung'unyika kama muhogo ulioharibika. Siku gogo likitoka sawa aliniita niache sufuria jikoni nije nitazame. Na kweli, lilikuwa linapendeza!

Kazi yangu ilikuwa msasa. Sisi wanawake tuliotoka bara na waume zetu ndio tuliokuwa tukisugua, humo ndani ya kibanda cha makuti, watoto wetu mgongoni. Kukohoa tulikuona jambo la kawaida. Wewe ulikuwa umekohoa wiki nzima, nami nikikupaka mafuta kifuani kisha narudi kusugua.

Asubuhi hiyo akaingia Bi Mejumaa, mzee wa Kidigo kutoka Bongwe aliyekuwa akituuzia makuti.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Bi Mejumaa, asiitikie salamu! Alikuwa akitazama mgongoni mwangu.

"Mama we, mtoto kampaka unga nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alifungua fundo la leso bila kuniuliza, akakutoa, akakupangusa nyusi na kope, akaweka sikio mgongoni mwako. Ndipo nami nikaona. Mbavu zilikuwa zikibonyea kila ukivuta pumzi, na midomo imebadilika rangi.

"Vumbi hili ni la mti ulioota ukungu," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe unalivuta, naye analivuta. Wewe una kifua cha mtu mzima. Yeye ana nini? Inuka twende hospitali. Msasa utaukuta."

Nilikimbia, mwanangu. Mimi nikimwomba Mungu kwa Kikamba, Bi Mejumaa kando yangu akisoma dua zake, na wewe kifua kikipiga mluzi. Tulikaa wodini mpaka ukapumua vizuri. Baba yako alipofika alisimama mlangoni akashindwa kuingia. Alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Sasa nawe una magogo yako nyuma ya nyumba, na michoro yako inaishinda ya baba yako, nasema kweli. Lakini jana nilipopita karakanani nilimkuta mjukuu wangu amelala kwenye maranda, karibu na mashine. Sikutaka kukusema mbele ya wateja. Leo nasema, na usinikunjie uso.

Gogo likikauka usidhani ukungu umekwisha, maana unaruka na vumbi. Likaushe mpaka ndani kabla hujalichonga. Lililolainika litupe, lisije likakupasukia usoni mashineni. Fanyia kazi nje, upepo uchukue vumbi mbali nawe, na msasa uloweshe. Vaa barakoa ya kazi, ile inayobana uso. Leso tulijifunga puani sisi, na vumbi likapita vilevile. Oga, badilisha nguo, ndipo umshike mwanao. Na kifua chako nakijua mimi: kikianza kubana, acha kazi, hata kama mzigo wa hoteli unatakiwa kesho.

Bi Mejumaa hayupo tena, Mungu amrehemu. Wa kuingia kwako bila hodi na kufungua fundo nimebaki mimi. Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, akilinde kifua chako, na huyu mdogo akue asijue kuvuta pumzi kwa shida ni nini.

Nimekuja na leso. Nipe mtoto nitoke naye.