Majina Sitini kwenye Ubao wa Taa

Ukizama mtoni kesho, nani atathibitisha kwamba uliwahi kupanda chombo?

Usiharakishe kujibu. Gédéon naye aliliona swali hilo kuwa rahisi, mpaka dada yake Naomie alipopanda baleinière, ile mashua ndefu ya mbao yenye injini inayoshuka mto kutoka Kisangani, asifike Basoko. Mashua ilipinduka ikishapita mji wa Isangi. Orodha ya abiria ilikuwa na watu hamsini, na Naomie hakuwamo. Ofisini, karani alipitisha kalamu juu ya karatasi mara mbili, kisha akamwambia mama yao, Mama Germaine: "Mama, mutoto yako hakupanda. Labda iko kwa bwana fulani, anakula samaki."

Mama Germaine alikuwa amemfunga bintiye kitambaa kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akamwona akikaa juu ya magunia ya chumvi. Lakini karatasi ilisema hapana, na karatasi ikashinda. Mpaka leo, miaka miwili baadaye, Naomie hana cheti cha kifo wala msalaba.

Jambo lenyewe halina siri. Mwandishi wa orodha huandika majina mpaka idadi ya kibali itimie, kisha hufunga daftari na kwenda kutafuta chai. Wanaokuja baada ya hapo hulipa, hupanda, hujitafutia pa kukaa. Wanaitwa watu wa juu ya mizigo. Mwenye mashua anajua, mkaguzi anajua, wao wenyewe wanajua. Ni desturi, watu husema, kana kwamba desturi hushuka kama mvua na hakuna mkono ulioileta.

Gédéon alikuwa na meza yake mtaani Makiso, Kisangani, chini ya baraza la duka la vitenge, ambapo aliwachapia watu barua za kuomba kazi. Kilichompa chakula kilikuwa hicho. Kilichompa usingizi kilikuwa kingine: herufi za vitone, zile zinazoundwa kwa nukta kwenye vioo vya mashine. Alianza akiwa na miaka tisa, alipopewa kile kimchezo cha mkononi cha matofali yanayodondoka. Alichukua daftari la hesabu, lile la miraba, akanakili kila herufi iliyotokea kwenye kioo, mraba mmoja kwa kitone kimoja. Baada ya mchezo zikaja kalkuleta, pampu za petroli, simu za zamani zenye kioo cha kijani. Kila kitu kilichokuwa karibu kufa alikiwahi, akanakili sura yake kabla hakijazimika. Alipofika miaka thelathini na miwili alikuwa na madaftari kumi na moja, na waendesha toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, walikuwa wamempa jina.

"Papa ya Vitone," walimwita, "utamaliza lini darasa ya primaire?"

"Siku wewe utajua kusoma," aliwajibu, na mkono wake haukuacha kupaka miraba.

Sasa, juu ya lango la bandari moja ndogo ya mtu binafsi ulikuwako ubao wa taa, mrefu kama mtumbwi. Zamani ulitangaza mashua na saa zake. Kisha kifaa kilichohifadhi herufi kiliungua, ubao ukawa nyumba ya mijusi. Mwenye bandari, Papa Nicolas, aliurithi pamoja na mijusi yake. Aliposikia habari za madaftari akamwita Gédéon.

"Unaweza kuifufua?"

"Naweza, papa. Lakini kwa sharti moja. Kila mashua, kabla haijaondoka, majina ya abiria yapite hapa juu. Yote. Kila mutu aone."

Papa Nicolas alicheka. "Yote? Bon. Andika hata ya mbuzi. Mi nataka tu iwake, wateja waone hii bandari iko ya kisasa."

Gédéon alifanya kazi wiki sita. Rafiki yake Chance, mwalimu wa chuo, alimwambia achukue herufi zilizokwisha kutengenezwa kwenye mtandao, kwa nini ajitese? Lakini mstari wa tatu wa taa, kutoka juu, ulikuwa umekufa wote. Herufi za watu wengine zilipowekwa pale zilikatika shingo. Ilibidi zichorwe upya, kila moja iruke mstari ule bila jicho la msomaji kujikwaa. Tena alitaka ziwe zilezile za zamani za ubao, zile ambazo watu wazima wa mto walizoea kuziamini.

Ushahidi pekee wa sura ya herufi hizo ulikuwa picha moja ya nyumbani. Naomie amesimama langoni, ana miaka kumi na mmoja, amekunja uso kwa jua, na juu ya kichwa chake ubao umeandika BASOKO 14H. Herufi sita tofauti na tarakimu mbili. Kutoka hizo Gédéon alizaa nyingine zote. B aliikata tumbo la chini, akaipa mguu, akapata R. O aliifungua upande, ikawa C. K ya ubao ule ilikuwa na goti lililovunjika kidogo, na X akaipa goti hilohilo. Jioni moja mama yake aliisogeza picha karibu na dirisha, akatazama, akaitazama karatasi ya miraba.

"Hata hizi zimetoka juu ya kichwa chake," alisema, akarudi jikoni.

Siku ya kuzindua, mashua ya Papa Augustin ilikuwa inapakia kuelekea Basoko: sabuni, chumvi, mabati, magodoro. Gédéon hakumngoja mwandishi wa orodha. Alipanda mwenyewe na daftari lake, akapita juu ya kila gunia akiuliza majina. Alihesabu watu mia moja na kumi na wawili. Kibali kilisema sitini.

Saa nane mchana ubao ukawaka. Majina yakaanza kupita, mekundu, polepole, kutoka kulia kwenda kushoto. Toleka zilisimama. Mama mmoja wa Yanonge alipoona lake alipiga vigelegele, akawaambia wenzake kuanzia leo wamwite Excellence. Kando ya Gédéon alisimama Mama Adèle, muuza mikate ya muhogo, na beseni lake kichwani. Mumewe, Alphonse, alikuwa ameketi juu ya magodoro na kofia ya majani.

"Ya bwana yangu itapita lini?"

"Iko sabini na tatu, mama. Ngojea kidogo."

"Umuandike vizuri, eh. Yule mutu anapenda sifa."

Jina la sitini lilipita. La sitini na moja likaja, la sitini na mbili, na papo hapo Papa Augustin akatoka mashuani mbio, shati wazi, akaingia ofisini kwa Papa Nicolas. Ubao ukazimwa kutoka ndani. Gédéon aliitwa.

"Unataka kuniua?" Papa Augustin aliuliza kwa sauti ya chini. "Unaandika makosa yangu kwa taa?"

"Mi naandika batu, papa. Kama wamezidi, washuke."

"Nani atawashusha? Wewe? Enda basi, uwashushe. Watakutupa kwa maji wao wenyewe."

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililouma. Papa Nicolas alifuta jasho. "Sikia, Gédéon. Sitini. Kibali inasema sitini, ubao inasema sitini, mkaguzi anakunywa bia yake kwa amani. Ama sivyo nateremusha hii kitu leo, narudishia mijusi nyumba yao."

Gédéon aliutazama ubao dirishani. Wiki sita. Alijiambia kwamba sitini ni bora kuliko sifuri, kwamba leo sitini, mwezi ujao themanini, na siku moja wote. Waoga wengi wamejiambia hivyo kwa hesabu nzuri zaidi. Akakaa mbele ya mashine ya ubao, akafuta majina hamsini na mawili, kuanzia la sitini na moja. La Alphonse lilikuwa na herufi nane. Lilifutika kwa mguso mmoja.

Alipotoka, Mama Adèle alikuwa bado ameinua shingo.

"Imezimika. Na ya Alphonse?"

"Itapita, mama," alisema Gédéon.

Ubao ukawaka tena, ukaanza mwanzo. Mama Adèle alingoja kidogo, lakini mikate ilikuwa inapoa. Akampungia mumewe mkono, akaenda sokoni kabla kamba hazijafunguliwa.

Asubuhi yake simu zilianza kulia kutoka Yanonge. Mashua ilikuwa imegonga gogo lililozama, ikapasuka, ikageuka na mzigo wake wote. Waliookolewa hawakufika thelathini. Gédéon alikimbia mpaka bandarini. Hakuna aliyekuwa ameuzima ubao. Chini yake watu walijaa mpaka barabarani, nyuso juu, na kila jina lilipopita, mahali fulani katika umati mtu alianguka.

Mama Adèle alimwona kwanza. Alijipenyeza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Papa ya Vitone, nimesoma mara tatu. Tangu mwanzo mpaka mwisho. Alphonse haiko."

"Mama, ngojea," alianza Gédéon.

"Donc alishuka," alisema mama yule, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa machozi. "Si ndiyo? Aliona wamejaa sana, akashuka. Kama angekuwa ndani, wewe ungemuandika. Aksanti, ndeko, ndugu yangu. Aksanti sana."

Aliuachia mkono wake, akaita toleka, akakaa upande juu ya mto wa kiti. "Kimbia," alimwambia mwendeshaji, "watoto wanalia bure." Baiskeli ikakata kona ya duka la mabati, ikapotea. Juu ya lango jina la sitini likafika ukingoni, likaishia, na ubao ukaanza tena na la kwanza.